Dalali, Ukuta na Simu ya Kiganjani: Historia ya Matangazo ya Milki katika Intaneti, kwa Kurejelea Kurasini, Dar es Salaam

Utangulizi

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam huonekana maandishi ya rangi kwenye kuta za nyumba yasemayo: "Nyumba hii haiuzwi." Pengine huongezwa onyo la kuwaogopa matapeli. Kwa mtafiti wa historia ya biashara, hilo ni tangazo lisilo la kawaida. Mwenye nyumba amegharimia rangi ili kuujulisha umma kuwa mali yake haimo sokoni, kwa sababu anafahamu kwamba yupo mtu anayeweza kuiuza pasipo yeye kujua: ndugu katika mirathi isiyokwisha, mpangaji anayekaribia kuhama, au mgeni mwenye karatasi za kughushi. Soko la milki la jiji hili halijawahi kupungukiwa na matangazo. Lilichopungukiwa ni njia rahisi ya kumwezesha mnunuzi kujua kama anayetangaza ndiye mwenye mali.

Upungufu huo ndio unaoongoza makala haya. Mara kwa mara hudaiwa kwamba intaneti, kwa kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi moja kwa moja, huondoa watu wa kati na kupunguza gharama za biashara. Dai hilo lina mashiko katika nchi ambazo rejista ya ardhi imekamilika na anwani ya nyumba inajulikana. Kwa Dar es Salaam, makala haya yanajenga hoja tofauti: dalali hakuondolewa na intaneti, bali aliichukua na kuifanya chombo chake, na kanuni za tangazo la mtandaoni zilitokana na kanuni za udalali wa mdomo. Kata ya Kurasini katika Wilaya ya Temeke imechaguliwa kwa kuwa ndani ya muda mfupi imepitia uhamishaji wa wakazi, upanuzi wa bandari na ujenzi wa daraja, mambo matatu ambayo kila moja hubadilisha bei ya ardhi na namna ardhi inavyotangazwa.

Ardhi isiyo na bei

Ili kuelewa ni kwa nini tangazo la milki lilichelewa kuwa jambo la hadharani, ni lazima kurejea katika sheria. Tamko la Wajerumani la mwaka 1895 liliifanya ardhi ya koloni kuwa mali ya Dola. Sheria ya Ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923 ikaiweka chini ya usimamizi wa Gavana. Baada ya uhuru, milki za kudumu ziligeuzwa kuwa za muda, na ardhi yote ikabaki kuwa mali ya umma. Katika mfumo huo kilichokuwa na thamani kisheria ni maendelezo: nyumba, kisima, minazi, mikorosho. Udongo wenyewe haukuwa na bei.

Watu waliuza hata hivyo. Pembezoni mwa jiji mtu aliuza "minazi" au "msingi," na kila aliyehusika alielewa kinachouzwa. Biashara ya namna hiyo haiwezi kuandikwa gazetini. Huhitaji mtu anayemjua mwenye shamba, anayemjua mjumbe wa nyumba kumi, na anayejua kunyamaza. Huyo alikuwa dalali. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu na lilizoeleka katika miji ya pwani muda mrefu kabla ya ukoloni, likimaanisha mtu anayenadi au anayeunganisha pande mbili kwa ujira. Ni makosa kumwona dalali kama mabaki ya zamani yanayosubiri kufutwa na teknolojia. Aliendelea kuwapo kwa sababu sheria ilimpa kazi.

Azimio la Arusha na Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971 viliibana zaidi biashara ya wazi. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa takriban miongo miwili, mpangaji wa katikati ya jiji alitafuta nyumba kwa kuomba, si kwa kusoma matangazo. Uswahilini, ambako Serikali haikutwaa chochote kwa kuwa nyumba zilikuwa za thamani ndogo, upangishaji uliendelea kwa mdomo kama kawaida.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Magazeti binafsi yalianza kurejea kuanzia mwaka 1988, na kurasa za matangazo madogo zikawa sehemu ya mapato yake. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilikiri kwamba ardhi ina thamani, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ikaliweka jambo hilo katika sheria. Miaka michache baadaye Serikali ilianza mradi wa kupima viwanja 20,000 Dar es Salaam, katika maeneo kama Mbweni, Bunju, Mtoni Kijichi, Kibada, Gezaulole na Toangoma. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na bidhaa nyingi zilizofanana: kiwanja chenye namba, kitalu na ukubwa wa mita za mraba. Bidhaa yenye namba hutangazika. Bila namba hizo, ingekuwa vigumu kuona ni kitu gani tovuti za miaka iliyofuata zingekitangaza nje ya nyumba za wageni na mabalozi.

Tovuti zilizokuja na kuondoka

Tovuti za mwanzo za milki hazikumlenga mkazi wa Temeke. Zilimlenga mfanyakazi wa shirika la kimataifa aliyetaka nyumba Masaki, Msasani au Oysterbay kabla hajapanda ndege, na bei ziliandikwa kwa dola. Jiografia ya sarafu ilikuwa pia jiografia ya tabaka: kaskazini mwa mji dola, kusini shilingi. Serikali ilijaribu zaidi ya mara moja kuzuia desturi hiyo, na kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimekataza kabisa kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Kuwasili kwa mkongo wa baharini wa SEACOM mwezi Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, kulipunguza utegemezi wa setilaiti na kuandaa njia ya intaneti ya simu kwa watu wengi zaidi. Ndipo zilipoingia tovuti za matangazo ya jumla, miongoni mwao ZoomTanzania, na baadaye Lamudi, kampuni iliyoanzishwa Berlin mwaka 2013 na kufungua matawi katika nchi nyingi zinazoendelea. Mwaka 2016 matawi yake ya Afrika yalibadilishwa jina kuwa Jumia House. Novemba 2019 Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania.

Sababu za kufunga zilikuwa za kibiashara na hazikuhusu nyumba pekee. Hata hivyo, mfano wa biashara ulioletwa na tovuti hizo unastahili kuchunguzwa, kwa sababu ulijengwa juu ya dhana tatu ambazo hazikuwa na msingi imara jijini: kwamba kila nyumba ina mtangazaji mmoja, kwamba nyumba ina anwani, na kwamba mtangazaji hanufaiki kwa kuificha. Dar es Salaam nyumba moja huweza kushikwa na madalali watano, kila mmoja na bei yake. Operesheni ya Anwani za Makazi ilifanyika mwaka 2022 tu. Na dalali ana kila sababu ya kuificha nyumba.

Suala la kuficha linahitaji maelezo zaidi. Ujira wa dalali wa upangishaji kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, nao hulipwa mkataba unapokamilika. Mteja akiitambua nyumba katika picha, anaweza kwenda kugonga geti mwenyewe na kumzunguka dalali. Kwa hiyo tangazo la mtandaoni la Dar es Salaam hupigwa picha kwa uangalifu wa aina yake: sebule inaonekana, jiko linaonekana, marumaru zinaonekana, lakini geti na barabara haviingii. Mahali hutajwa kwa umbali ("mita mia tatu kutoka lami") bila kusema ni lami ipi. Tangazo linalazimika kufichua kiasi cha kumvuta mteja na kuficha kiasi cha kumlinda aliyelitoa. Tovuti zilizodai ramani na anwani kamili zilikuwa zikimwomba dalali atoe mtaji wake bure.

Instagram na WhatsApp hazikumdai chochote. Dalali alihitaji simu yenye kamera na kifurushi cha intaneti. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010, lugha ya matangazo hayo ilikuwa imeshakuwa na muundo wake unaotambulika: kwanza "nyumba inapangishwa" au "kiwanja kinauzwa," kisha eneo, idadi ya vyumba na kama kimojawapo ni "masta," maji na umeme, fensi, kodi kwa mwezi, na idadi ya miezi inayolipwa kwa mkupuo, ambayo mara nyingi ni sita au kumi na miwili. Mwishoni hutajwa ada ya kupelekwa kuona, ambayo hairudishwi hata mteja asipoipenda nyumba. Ada hiyo ni suluhisho la zamani la tatizo la kuzungukwa. Sasa hulipwa kwa simu kabla ya mteja kutoka nyumbani, jambo ambalo limewafungulia mlango watu wasio na nyumba yoyote ya kuonyesha.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliokamilishwa kwa kuzima laini ambazo hazikusajiliwa kuanzia Januari 2020, vimefanya iwe rahisi zaidi kumfuatilia mwenye namba. Havikugusa swali la msingi. Mtu anaweza kuwa na laini iliyosajiliwa kihalali na bado akauza kiwanja kisicho chake. Kwa ardhi iliyopimwa, mnunuzi anaweza kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Kwa ardhi isiyopimwa, ambayo ni makazi ya sehemu kubwa ya wakazi wa jiji, ushahidi ni majirani, mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo kwa mazoea katika maeneo mengi ilidai asilimia 10 ya bei kwa kushuhudia mauziano. Hatua hiyo ya mwisho haijahamia mtandaoni. Mnunuzi aliyeona kiwanja Instagram akiwa Mwanza au Muscat bado anahitaji mtu wa kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa na kuuliza.

Kurasini: kata inayotangazwa kama yadi

Kurasini imebanwa kati ya Bandari ya Dar es Salaam, Barabara ya Kilwa na mkono wa bahari unaoitenga na Kigamboni. Ndani yake mna mitaa ya makazi kama Shimo la Udongo na Mivinjeni, taasisi kama Chuo cha Diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, makao ya Baraza la Maaskofu Katoliki, maghala, na matangi ya mafuta. Kwa mfanyakazi wa bandari mwenye kipato kidogo ilikuwa mahali pa kuishi karibu na kazi. Chumba kilipatikana kwa kuuliza.

Kati ya mwaka 2007 na 2008 wakazi wa sehemu ya kata hiyo walihamishwa ili kupisha upanuzi wa shughuli za bandari. Tukio hilo limechunguzwa na watafiti kadhaa kwa upande wa haki ya makazi na kwa upande wa juhudi za wakazi wenyewe, hasa wale waliojiunga na Shirikisho la Maskini wa Mijini, ambalo kwa msaada wa Centre for Community Initiatives lilinunua ardhi Chamazi na kuanza kujenga. Lisilozungumzwa sana ni uhusiano wa tukio hilo na taarifa za soko.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka anayehamishwa alipwe kwa thamani ya soko, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na malazi. Thamani ya soko hupatikana kwa kulinganisha mauzo ya mali zinazofanana. Lakini mauzo yapi? Mwaka 2007 mauziano ya Kurasini yalikuwa katika karatasi za mkono zilizoshuhudiwa na viongozi wa mtaa, na bei iliyoandikwa mara nyingi ilipunguzwa ili kupunguza ada. Matangazo yalikuwa ya mdomo. Mkazi aliyeona kwamba fidia ni ndogo hakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa kumbukumbu yake ya jirani aliyeuza mwaka uliopita. Mpangaji alikuwa katika hali mbaya zaidi, kwani fidia ya nyumba humfuata mwenye nyumba, naye alilazimika kutafuta chumba kingine katika soko lilelile ambalo uhamishaji wenyewe ulikuwa umelipandisha bei.

Kipindi kilichofuata kiliibadilisha Kurasini kwa namna ambayo tangazo lolote la leo linaidhihirisha. Msongamano wa makasha bandarini ulisababisha kuruhusiwa kwa bandari kavu za watu binafsi, na nyingi zilitafuta nafasi karibu na geti la bandari. Nyumba zilizokuwa na ua mkubwa zilinunuliwa kwa ajili ya ua, si kwa ajili ya nyumba. Miaka ya 2010, mpango wa kituo cha biashara na usafirishaji chini ya Mamlaka ya Maeneo Maalumu ya Uzalishaji kwa Mauzo ya Nje ulileta uthamini na uhamishaji mwingine. Katika matangazo ya mtandaoni ya eneo hilo, maneno yanayotawala ni "yadi," "ghala," "eneo la kuegesha malori," na ukubwa huandikwa kwa ekari. Sebule na marumaru havitajwi. Jengo lililopo huelezwa kwa ufupi, pengine kwa kusema kwamba linafaa kubomolewa.

Kisha likaja daraja. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilijengwa kwa ubia wa NSSF na Serikali na kufunguliwa tarehe 19 Aprili 2016. Kwa ramani, linaanzia Kurasini. Kwa matangazo, ni mali ya Kigamboni. Viwanja vya Kibada, Gezaulole na Mjimwema vilianza kuelezwa kwa dakika kutoka darajani, na dakika zikachukua nafasi ya kilomita. Tozo ya kuvuka, iliyolalamikiwa na wakazi hadi ikapunguzwa mwaka 2022, haikutajwa katika hesabu hiyo. Kurasini yenyewe ikawa sehemu ya kupita.

Kigamboni inatoa pia funzo kuhusu picha. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza eneo hilo kuwa la mji mpya, na wakazi wakakaa miaka kadhaa bila uhuru wa kuendeleza ardhi yao. Wakati huohuo picha za kompyuta za mji huo zilisambaa: maghorofa ya vioo, bustani, mabwawa. Mradi wa Dege, ubia wa NSSF na kampuni binafsi uliokusudia nyumba zaidi ya 7,000, ulitangazwa kwa picha za namna hiyo na ukasimama mwaka 2016 ukiwa maboma. Dalali wa mtaani, kwa lawama zote anazostahili, hupiga picha ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Wawekezaji wakubwa ndio waliouzoesha umma kuangalia picha ya kitu ambacho hakipo na kukitolea fedha za awali.

Kumbukumbu inayofutika

Mtafiti anayetaka kujua bei ya kupanga nyumba Dar es Salaam katika miaka ya 1990 anaweza kwenda katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya East Africana, akafungua magazeti na kuhesabu. Ni kazi ya kuchosha, lakini inawezekana. Anayetaka kujua bei ya mwaka 2017 yuko katika hali ngumu zaidi, ingawa mwaka huo matangazo yalikuwa mengi kuliko wakati wowote kabla yake. Tovuti iliyofungwa huondoka na hifadhidata yake. Dalali anayepangisha nyumba hufuta picha ili asisumbuliwe na simu, au hubadilisha bei palepale bila kuacha alama ya bei ya awali.

Upotevu huo hauwahusu wanahistoria peke yao. Kwa mkazi wa Temeke anayesubiri mradi ujao wa barabara au bandari, mfululizo wa bei zilizotangazwa kwa miaka kumi ungeweza kuwa hoja mbele ya mthamini. Ni kweli kwamba bei ya kutangazwa si bei ya mauzo, na kwamba wathamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2016 wana sababu ya kuitilia shaka. Lakini bei ya kwenye hati za mauziano nayo ina kasoro zake zinazojulikana, na hutumika. Ingefaa Wizara yenye dhamana ya ardhi, au chuo kikuu kimojawapo, kukusanya matangazo hayo kwa utaratibu, huku namba za simu na sura za watu zikiondolewa kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na upimaji, na hakuna sheria mpya inayohitajika, tofauti na suala la kuwasajili madalali, ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi huku shughuli yenyewe ikiendelea bila sheria mahususi.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwa mpangaji wa chumba kimoja. Yadi ya Kurasini hutangazwa kwa wiki au miezi, kwa maandishi, na mara nyingine na kampuni yenye ofisi. Alama zake zinaweza kufuatwa. Chumba cha Shimo la Udongo hutangazwa katika hali ya WhatsApp ya dalali wa mtaa, kwa watu walio na namba yake, na baada ya saa 24 tangazo hilo hujifuta lenyewe.